Nani aliwaambia kwamba labo ni ya walioshindwa?

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa ambao vita imewatoa Eringeti, Mbau, Oicha na vijiji vya kando, leo sitasema habari ya bunduki. Nitasema habari ya Bio-Chimie, na ninajua wazazi wengine watanikasirikia.

Juma lililopita nilikaa na mama mmoja anayelala pamoja na watoto wake watano katika chumba kimoja cha jamaa, hapa Beni mjini. Binti yake wa kwanza ana diploma ya Serikali katika Bio-Chimie, na alama zake ni nzuri. Tangu alipofaulu Exetat anauza mafuta ya mawese kwa kipimo cha kikombe, kando ya barabara. Nikauliza kwa nini haendelei na masomo. Mama akasema, "Papa yake alitaka awe muganga. Lakini uganga ni miaka sita, hata saba, na shamba letu la kakao limebaki kule porini. Tutalipa na nini?" Nikamuuliza: na labo je? Akacheka. "Labo ni ya wale walioshindwa uganga."

Neno hilo nimelisikia kwa wazazi, kwa wachungaji, hata kwa maprefe wa shule ambao wangepaswa kujua zaidi. Ninasema wazi: ni uongo, na uongo huu sisi wenyewe tunaulipa kila siku kwa feza yetu.

Angalieni mambo ya tifoide. Nani kati yenu hajaandikiwa "malaria na tifoide"? Mimi mwenyewe mwaka mmoja niliandikiwa tifoide mara tatu, katika kituo ambacho sitakitaja. Kila mara kipimo kilikuwa kile cha Widal, na kila mara nilinunua dawa za siku nyingi. Baadaye mtu wa labo, kijana mtulivu asiyependa kelele, akanieleza kitu ambacho hakuna aliyewahi kunieleza. Widal haimtafuti mdudu mwenyewe. Inatafuta kingamwili, yaani zile silaha ambazo mwili hujitengenezea unapopigana na mdudu, na silaha hizo zinabaki katika damu muda mrefu baada ya vita kuisha. Wadudu wengine wa jamaa ya karibu nao wanaweza kuzichochea. Kwa hiyo kipimo kimoja cha Widal, katika nchi ambayo karibu sisi wote tumekunywa maji mabaya, hakithibitishi kwamba leo unaumwa tifoide. Uhakika zaidi unapatikana kwa kuotesha damu, na hiyo inataka siku kadhaa, vifaa, na mtu aliyesoma vizuri.

Sasa hesabuni. Mama mwenye watoto watano, aliyekimbia bila kitu, ananunua antibiotiki za tifoide ambayo pengine haipo. Akizinunua mara kwa mara, wadudu wanazizoea, na siku tifoide ya kweli ikifika, dawa haifanyi kazi tena. Mnalalamika kwamba waganga wanakosea. Muganga ataandika nini kama kartasi iliyotoka labo haisemi kweli?

Na sisi watu wa Beni, sisi kabisa, tumesahau upesi hivi? Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, ikaanzia Mangina, karibu kabisa na hapa. Ilitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, na ilikuwa imeua watu zaidi ya 2 200. Kwa miezi hiyo yote, ni nani alikuwa anatuambia huyu anayo, huyu hana, huyu arudi nyumbani, huyu abaki? Ni watu wa labo, ndani ya mavazi yale yenye joto la kuua, na wengi walikuwa Wakongomani wa INRB. Hata moja ya dawa zilizojaribiwa hapa kwetu kuanzia Novemba 2018 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Profesa Muyembe na wenzake wa Marekani walitafuta ndani ya damu ile kingamwili moja inayofunga virusi mikono. Desemba 2020 dawa hiyo ikakubaliwa rasmi Marekani. Hiyo ndiyo biokemia. Imeanza katika damu ya Mkongomani, na ninyi mnaiita kazi ya walioshindwa.

Tena msifikiri kwamba ni hospitali tu. Waulize wakulima wa kakao. Mbegu zinafunikwa siku tano, sita, zinapata joto. Chachu inageuza sukari kuwa pombe, kisha bakteria wanageuza pombe kuwa asidi, na hapo ndipo ladha inaanza kuzaliwa. Ukikosea siku au ukikosea kugeuza, mnunuzi anapasua mbegu, anatikisa kichwa, anakata bei. Tunauza kakao kwa tani na tani, lakini ni vijana wangapi wa kwetu wanaoweza kueleza kinachotokea ndani ya lile sanduku? Kuna tena kupima maji ya bomba, kukagua vyakula vinavyoingia Kasindi, kuchunguza damu kabla ya kumwongezea mtoto aliyeishiwa na damu kwa sababu ya malaria. Hata mama anayepika sabuni ya mawese anafanya kemia, ila hajui kwa nini siku nyingine inakataa kushika.

Njia ipo. Vyuo vya ISTM vinafundisha kazi ya labo kwa miaka mitatu, na vyuo vingine vya kienyeji pia. Lakini hapa niwape onyo, sababu kuna watu wanaofungua chuo kama mtu anavyofungua duka la vocha. Kabla ya kulipa hata franka moja, ingieni ndani mwone. Hadubini ziko ngapi, na zinafanya kazi? Wanafunzi wanaenda staji katika hospitali gani? Chuo kina kibali cha Serikali? Wakianza kuzunguka-zunguka katika majibu, mchukueni mtoto wenu mrudi nyumbani.

Kwa Serikali nina neno moja, na si la kubembeleza. Watu wengi wa labo hawana matrikule, wanaishi kwa prime isiyofika au kwa kile wagonjwa wanacholipa. Mtu asiyelipwa anashawishika kuandika vipimo vingi ili ale, na mgonjwa ndiye anayelipa. Na ninyi mashirika ambayo kila mwaka mnawafundisha vijana wetu waliohamishwa kushona na kutengeneza nywele: kushona si kubaya, dada yangu mwenyewe anashona. Lakini kati ya vijana hao wako waliofaulu Bio-Chimie, na hakuna anayewauliza. Feza ya semina mbili za hoteli ingelipa minerval ya mmoja wao kwa mwaka.

Na sisi jamaa? Tunachangia harusi mpaka tunakopa. Kikao cha familia kinaitishwa kwa ng'ombe wa mahari, hakiitishwi kwa minerval ya binti.

Nilirudi kwa yule mama juzi. Papa yake msichana alikuwepo, amekaa kwenye bidoni, akasema atafikiri. Diploma iko ndani ya plastiki chini ya godoro, pamoja na kadi za uchaguzi, tayari kubebwa kama watakimbia tena. Maandikisho ya mwaka mpya hayatamngoja.