HELA YA UFUNDI STADI, MBONA HAIFIKI KWA FUNDI?

Leo naomba tuongelee huu wimbo wa "vijana mjiajiri". Nimeshausikia bungeni, kwenye semina, hata kwenye harusi, mgeni rasmi kashika maiki anawaambia bwana na bibi harusi wajiajiri!

Mimi nakaa Chamazi. Ukishuka kwenye daladala ukatembea kuelekea Mbande, hufiki mbali bila kukuta banda la fundi. Huyu anachomelea mageti, yule madirisha ya aluminiamu, mwingine sofa, mwingine anatengeneza bodaboda. Karibu kila banda lina madogo wawili watatu wanaojifunza. Hakuna ada, hakuna fomu. Dogo anaanza kwa kufagia na kutumwa maji, baadaye anashika grinda, siku moja fundi anamwachia mashine ya kuchomelea. Kwangu mimi hicho ndicho chuo kikubwa cha ufundi huku kwetu, na kwenye bajeti hakimo.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kasoma hapo miaka mitano. Mwaka 2023 alikwenda kuomba kazi kwenye kampuni moja ya ujenzi, jina tuliache. Wakampa majaribio, akachomelea, msimamizi akasifia. Swali likafuata: cheti kiko wapi? Hana. Wakamchukua kama kibarua wa siku. Kazi aliyopangiwa? Kumwelekeza jamaa mwenye cheti, ambaye mwisho wa mwezi anabeba mshahara.

Sasa tuwe wakweli, serikali haijalala. VETA ipo kwa sheria ya mwaka 1994, na Temeke tuna chuo cha Chang'ombe. Bajeti ya 2023/24 ilitangaza ujenzi wa vyuo 64 vya wilaya na kimoja cha mkoa Songwe. Mwaka 2024 mkondo wa amali ukaanza sekondari, na Januari 2025 Rais Samia akazindua toleo jipya la Sera ya Elimu pale Dodoma. Kwenye makaratasi tuko vizuri. Lakini sensa ya 2022 ilikuta Temeke watu zaidi ya milioni 1.3. Vijana wote hao huwezi kuwaweka kwenye madarasa, hata ukijenga usiku na mchana.

Ngoja tufuate hela. Kuna tozo inaitwa SDL, ya kuendeleza ufundi stadi. Mwajiri anailipa TRA kwa kuangalia jumla ya mishahara anayotoa. Zamani ilikuwa asilimia 6, mwaka 2013 ikashuka kuwa 5, na ilipofika 2023 ikawa 3.5. Waajiri walikuwa wanalalamika kila mwaka kwamba ni mzigo, na sisi vijana tukadhani basi mafundi wanakula vizuri. Wapi! Enzi za asilimia 6, kampuni yenye mishahara ya milioni 20 kwa mwezi ilikuwa inatoa 1,200,000. VETA ilikuwa inapata theluthi moja, yaani laki nne. Laki nane zilikuwa zinakwenda mikopo ya elimu ya juu. Sina ugomvi na watoto wa Mlimani, wengi ni watoto wa maskini kama sisi. Ila tozo imebeba jina la fundi, halafu kipande kikubwa kinamlea mtu wa digrii. Na ile laki nne yenyewe ni ya chuo. Mzee wa bandani anayefundisha madogo watatu hana fungu.

Wenzetu Ujerumani kijana anakuwa kiwandani siku nyingi za wiki, darasani siku moja au mbili, na kampuni inamlipa. Hapa watu wanapenda kuutaja huo mfano. Lakini Chamazi viwanda hivyo havipo, aliyepo ni fundi na banda lake la mabati. Yeye ndiye kampuni.

Kitu kimoja kizuri kipo: urasimishaji ujuzi. Aliyejifunzia mtaani anapimwa na VETA kwenye kazi yake, panapopungua anaongezewa mafunzo, anapata cheti. Safi sana, na ningependa mlio kwenye fani mkafuatilie. Ila mpango huo unamtazama mwanafunzi tu, aliyemfundisha hatajwi. Mimi ningesema kila dogo wa bandani akifaulu upimaji, fundi wake apewe kitu kutoka kwenye hiyo tozo, hata kiwe cha kununulia mashine nyingine. Najua mtasema watazuka mafundi hewa, kama tulivyoona wafanyakazi hewa mwaka 2016. Ni kweli, hii ndiyo Bongo. Ndiyo maana hela isifuate orodha ya majina. Isubiri dogo asimame mbele ya mpimaji na achomelee.

Mdogo wangu kajaza fomu mwezi uliopita. Ushahidi wake ni picha za mageti aliyotengeneza, zipo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Fundi wake alifunga banda nusu siku akamsindikiza. Wakati wa kurudi, tukiwa tumebanana kwenye daladala, mzee akaniuliza: "Na mimi niliyemfundisha, kuna fomu yangu?"

Nilikosa jibu. Mwenye nalo alete.