Beti Nne Bila Kituo

Filamu ya Binti (2021), iliyoongozwa na Seko Shamte, imesifiwa kwa haki, kisha ikasifiwa kupita haki. Ni haki kuisifu kwa kuwa imewatazama wanawake wanne wa Dar es Salaam: mwenye duka aliyezongwa na deni, mchumba apigwaye, mke anayetamani mtoto, na mama wa mtoto mwenye usonji. Machungu yafungiwayo chumbani imeyatoa hadharani, na waigizaji wameyabeba kwa heshima. Ni kupita haki kudai kwamba huo ndio mji wenyewe.

Ajuaye utunzi anafahamu kuwa beti nne hazigeuki shairi kwa kuandikwa karatasi moja. Sharti pawe na kituo cha kuzirejesha pamoja. Katika Binti kila ubeti walia peke yake. Mji umebaki pazia la nyuma.

Kituo cha mji ni watu waujengao kutoka mbali. Mabasi ya Korogwe na Handeni, yapitayo Segera na Mkata, humshusha Dar es Salaam msichana aendaye kufanya kazi za ndani na kijana atakayetembeza bidhaa juani. Malori huleta mahindi na mkaa wa Handeni. Hata nuru ina asili yake huko: mtambo wa Hale, Korogwe, ulianza kuzalisha umeme wa mto Pangani mwaka 1964.

Sasa tazama jina la filamu. Katika nyumba nyingi za mjini, aitwaye "binti wa kazi" ndiye afunguaye lango, alalaye wa mwisho, asikiaye kofi ukutani akanyamaza. Hakuna kisa hata kimoja kati ya vile vinne kilicho chake. Jina limechukuliwa, mwenyewe ameachwa mlangoni.

Watasema msanii hapangiwi. Naam, hapangiwi, lakini kazi isifiwayo kuwa kioo huulizwa imeacha sura za nani. Wala si jambo lisilowezekana: T-Junction ya Amil Shivji, iliyofungua tamasha la filamu la Zanzibar mwaka 2017, iliwaweka wachuuzi wa njia panda katikati ya hadithi, wakasema kwa kinywa chao.

Filamu ijayo ya mji na ianzie stendi ya Korogwe, alfajiri, kabla basi halijaondoka.