Mathe wa Darasa Hahitaji Makofi

Wasee, tuongee kuhusu yule mathe wa darasa. Karibu kila chuo kina mmoja: ana watoto watatu, anakaa mbele, simu ikiita anatoka mbio. Tunampenda. Akifaulu CAT tunamposti na maneno "umri ni namba tu." Halafu jioni hiyohiyo mtu anaandika kwa grupu la WhatsApp: "Kazi ya kikundi leo saa mbili usiku, hosteli."

Saa mbili usiku! Huo ndio wakati mmoja hajaoga, mwingine anataka kusaidiwa hesabu na mdogo analilia kunyonya. Akikosa mara mbili, jina lake linafutwa.

Sote tulikua tukisikia habari za Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Namheshimu sana. Lakini Maruge hakuwa akikimbia nyumbani kunyonyesha. Shida ya mathe si umri, ni saa.

Chukua mama anayeuza mihogo hapa Adungosi. Zamani akitaka digrii alifikiria kuhamia Eldoret ama Maseno. Sasa Alupe iko barabara hii hii ya Busia–Malaba, na tangu 2022 ni chuo kikuu kamili. Umbali umepungua. Lakini darasa la asubuhi linamtaka atoke kabla watoto hawajaamka, na siku malori yakipanga foleni ya kuvuka mpaka, hata bodaboda inachelewa. Watoto anamwachia nani? Akibahatika, nyanya yao. Asipobahatika, ni binti mkubwa anayekosa shule ili mamake asome. Hiyo ya pili inaniuma. Tunashangilia digrii moja huku masomo ya mwingine yakifia jikoni.

Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea kazini. Mwajiri, mnasoma hiyo? Mhadhiri anaweza kukidai. Mwanafunzi aliyeketi mbele yake, mwenye mtoto wa umri uleule, hatajwi. Na tangu 1994 Kenya ina sera ya kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua. Geti tumefungua, ila ndani hatujaweka hata kiti.

Najua kuna atakayesema chuo si nasari, na kwamba hakuna aliyemlazimisha kuzaa. Sawa, lakini karo analipa kama wewe. Na chumba kimoja chenye mlango unaofungika, viti viwili na maji ya kunawa hakiwezi kugharimu kama yale mageti makubwa vyuo vyetu vinapenda kujenga.

Lakini tusingoje chumba. Saa ya mkutano wa kikundi haipangwi na serikali, tunaipanga sisi. Kwetu nilipendekeza saa saba mchana, dakika arobaini tu. Mtu akalalamika kwamba huo ni wakati wa chakula. Si ule ukiongea, bana! Tumeshakutana hivyo mara mbili, na mara zote mbili yeye ndiye aliyekuja na sehemu yake imekamilika, sisi wengine tukitafuta kalamu.

Kitu kingine. Hapa nimemwita mathe kwa sababu ndivyo mnavyomjua, lakini tuache. Ukishamwita mathe, siku moja utamwagiza chapati. Ana jina. Liko kwa rejista, pengine mistari miwili tu juu ya lako.