MAWE MAWILI MFUKONI

Leo nataka tuingie pamoja kwenye yadi ya magari. Usishangae. Mungu anaingia huko pia.

Mara kwa mara mtu wa kanisa hunijia na kusema, "Pasta, niombee. Napeleka gari langu yadi nikabadilishe, niongeze pesa juu nichukue lingine. Omba nipate bei nzuri." Zamani nilikuwa naomba papo hapo. Siku hizi nauliza kwanza: Umewaambia ukweli wote kuhusu hilo gari?

Swali hili nililipata Liwatoni, na lilinichoma mimi kwanza.

Miaka michache iliyopita mimi na mke wangu tulitaka kubadilisha gari letu. Giaboksi ilikuwa imeanza kushtuka, lakini mpaka ipate moto. Asubuhi ikiwa baridi husikii kitu. Basi nikalipeleka asubuhi na mapema. Umenielewa? Hata saa niliipanga.

Mzee wa yadi akalizunguka, akainama kuangalia kutu chini, maana hapa pwani chumvi ya bahari haina huruma na chuma. Akafungua boneti, akawasha, akasikiliza. Kisha akaniuliza, "Pasta, gari lina shida yoyote?" Nikamjibu, "Liko sawa, ni mambo madogo madogo tu ya gari lililotumika." Akaniamini kwa sababu ya lile jina aliloniita. Tukapatana bei, nikaambiwa nirudi kesho na logibuku.

Mke wangu alinyamaza njia nzima. Tulipofika nyumbani akasema neno moja: "Na lile la kwao je, likiwa na giaboksi kama yetu na wao wakakwambia ni mambo madogo madogo?"

Sikulala vizuri.

Mpendwa, soma Kumbukumbu la Torati 25, kuanzia mstari wa 13. Mungu anawakataza watu wake kubeba mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja kubwa na moja dogo. Mfanyabiashara wa zamani alipima kwa mawe. Mdanganyifu alikuwa na jiwe la kununulia na jiwe la kuuzia. Mimi usiku ule nilijikuta na mawe yote mawili. Gari lao nilitaka fundi wangu alikague mpaka uvunguni. Langu nilitaka lichukuliwe kwa imani.

Kesho yake nilirudi nikasema kweli. Yule mzee ni Mwislamu wa hapa mjini. Alinitazama kwa muda, akasema, "Pasta, hata kwetu kuficha ila ya bidhaa ni haramu. Lakini watu hawarudi." Akapunguza shilingi 45,000 kwenye bei ya gari langu. Iliniuma. Lakini nililala.

Sasa nisikilize, na hapa ndipo nitawaudhi wengine. Tumezoea kusimama madhabahuni na kushuhudia: "Mungu amenitendea, gari lilikuwa bovu lakini nimepata bei ambayo sikutegemea!" Na kanisa linapiga vigelegele. Ndugu yangu, dada yangu, kama bei ile ilikuja kwa sababu ulinyamaza, hiyo si baraka. Hizo ni pesa za mtu mwingine ziko mfukoni mwako. Usimtwike Mungu wizi wako.

Na gari halifi pale yadi. Litapakwa rangi, litaoshwa, litanunuliwa na mtu usiyemjua. Siku moja mama atakuwa anapanda Mazeras na watoto nyuma, malori yanamfuata, na giaboksi uliyoifahamu wewe itamwachia hapo. Uliuza nini siku ile?

Lakini mtu asitoke hapa akidhani kwamba ukweli ni ujinga. Sulemani anatuonyesha katika Mithali 20:14 mnunuzi anayeponda mali wakati wa kupatana, kisha akienda zake anajisifu alivyoipata rahisi. Huyo mtu bado yuko mjini. Kwa hiyo, mtoto wa Mungu, nenda ukijua mambo haya.

Kwanza, jua thamani ya gari lako kabla ya kuuliza. Mlipe mthamini, kama wale wa AA ya Kenya. Tembea yadi tatu. Kumbuka gari lako linashindana na yale yanayoshuka melini pale Kilindini, ambayo kwa kanuni yetu hayazidi miaka 8 tangu yasajiliwe mara ya kwanza. Na mwenye yadi akitoa bei iliyo chini ya ile atakayouzia, usimwite mwizi. Atalirekebisha, atalilaza yadi miezi, atalipa kodi ya kiwanja. Naye ana watoto.

Pili, usibabaishwe na bei moja. Uliza bei ya gari lao kwa mnunuzi wa pesa taslimu, kabla hujataja lako. Yadi ya kwanza inaweza kukupa 650,000 kwa gari lako na kukuuzia lao kwa 1,450,000. Utaongeza 800,000. Ya pili inakupa 580,000 tu, lakini lao ni 1,330,000. Utaongeza 750,000. Wengi watakimbilia ya kwanza kwa sababu imewasifia gari lao. Wamepoteza 50,000 kwa kusifiwa.

Tatu, lao nalo likaguliwe na fundi wako, si fundi wao. Liendeshe mpaka lipate moto. Mimi najua kwa nini nasema hivyo.

Nne, usiache gari lako pale kwa maneno na karatasi uliyotia sahihi huku jina la mnunuzi liko wazi. Fanya uhamisho wa umiliki kwenye mfumo wa NTSA, jina lako litoke. Sheria ya Trafiki inasema gari lililouzwa lisitumike barabarani zaidi ya siku 14 bila mmiliki mpya kusajiliwa. Likigonga mtu kabla ya hapo, polisi wataanza na jina lililo kwenye logibuku. Ibrahimu aliponunua shamba la Makpela, Mwanzo 23, alipima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wa mji, na hata miti ya shambani ikatajwa. Baba wa imani hakuona kwamba kuandikiana vizuri ni kukosa imani. Wewe je?

Bei ya haki ni ile ambayo mngeweza kuipatana hata kama kila mmoja angejua yote anayoyajua mwenzake. Ukiipata hiyo, hata ikiwa ndogo kuliko ulivyoota, sema asante. Hiyo ndiyo ya kushuhudia madhabahuni.

Kama kuna gari uliuza ukanyamaza, na namba ya yule mtu bado unayo, mpigie leo. Usiahirishe mpaka Jumapili.

Tuombe. Baba, umeona mifuko yetu. Litoe lile jiwe la pili. Tupe macho ya kutodanganywa, na ulimi usiodanganya. Mfidie yule aliyepunjwa, na umpe aliyepunja ujasiri wa kurudi. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama unajua mtu anayepeleka gari yadi wiki hii, mtumie ujumbe huu kabla hajafika.