"Ukiukaji" Upi? Neno Moja Linavyopotosha Uhakiki

Neno la Kiingereza "transgression" limejipatia makao ya heshima katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Aghalabu hufasiriwa "ukiukaji", kisha kila kazi iliyoachana na mazoea huvishwa sifa hiyo mfano wa nishani. Lisiloulizwa ni hili: mpaka uliokiukwa ni upi, uliwekwa na nani, na aliyeuvuka alitozwa nini?

Asili ya neno hilo ni Kilatini, kwa maana ya kupiga hatua hadi upande wa pili. Katika Kiingereza lilibeba maana ya dhambi na uvunjaji wa sheria. Wanajiolojia nao hulitumia kwa bahari inayopanda na kufunika nchi kavu. Sifa njema lilipewa baadaye, hasa na nadharia iliyotokana na Georges Bataille na makala ya Michel Foucault ya mwaka 1963 kumhusu. Hata hivyo, Foucault alishikilia kwamba mpaka na tendo la kuuvuka hutegemeana. Mhakiki anayedai, kwa kumtegemea yeye, kwamba mwandishi fulani "amefuta mipaka yote" anamsingizia.

Kukiuka, kimsingi, ni kupita juu ya kitu kwa hatua, kama vile gogo lililolala njiani. Tafsiri hiyo basi ina mashiko. Kosa ni kuifanya ya pekee. Anayefurutu ada amepita kiasi, na huenda hajavunja sheria yoyote. Anayetaadi amevuka mpaka wa adabu kwa ujeuri. Anayehalifu amekwenda kinyume cha amri. Anayeasi amekana mamlaka yenyewe. Kiswahili kimeyatenga matendo haya. Mhakiki huyachanganya upya kwa kuwa Kiingereza kina neno moja la kuyakusanya.

Hasara ya mchanganyiko huo huonekana katika diwani mbili. *Kichomi* (1974) ya Euphrase Kezilahabi iliacha vina na mizani, na wanamapokeo wakaja juu. *Sauti ya Dhiki* (1973) ya Abdilatif Abdalla ilizingatia arudhi kikamilifu. Mashairi yake yalitungwa gerezani, baada ya mtunzi kuhukumiwa kwa uchochezi kutokana na kijikaratasi *Kenya: Twendapi?* cha mwaka 1968. Kwa kipimo cha "ukiukaji" kinachotazama umbo tu, Kezilahabi ndiye mkiukaji, naye Abdilatif ni mhafidhina. Kipimo kinachomwita mhafidhina mtu aliyefungwa miaka mitatu kwa kuihoji dola hakifai kupimia fasihi. Kezilahabi alikiuka kanuni ya sanaa, na gharama yake ilikuwa mjadala. Abdilatif alihesabiwa na dola kuwa amehalifu, na gharama yake ilikuwa uhuru wake.

Huenda ikajibiwa kwamba taaluma huhitaji istilahi moja thabiti. Uthabiti wa istilahi ni kila neno kuwa na dhana yake, wala si dhana tano kusongamana chini ya neno moja. Mwanafunzi wa uzamili anayeandika "ukiukaji" adaiwe kuutaja mpaka, mwenye mpaka na gharama ya kuuvuka. Akishindwa kuvitaja vitatu hivyo, neno hilo na lifutwe katika tasnifu yake.