Kijana wa JKU Asitoke Kambini Mikono Mitupu

Kila zinapotolewa fomu za kujiunga na Jeshi la Kujenga Uchumi, vijana wa Unguja na Pemba hujitokeza kwa wingi. Wengi wao, tusifichane, hawaendi kwa kulipenda jembe. Wanaiona kambi kuwa ni mlango wa kuingilia KMKM, Zimamoto na idara nyengine maalumu za Serikali. Hatuwalaumu, kwani ndivyo walivyowaona kaka zao wakipita. Lakini mlango huo ni mwembamba, na wanaoungojea ni wengi.

JKU haikuundwa iwe baraza ya kusubiria ajira. Mizizi yake ni kambi za vijana zilizofunguliwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na jina lake lenyewe lataja kazi yake. Kambi ina gharama. Ndugu zetu wa Bara, walioanzisha JKT mwaka 1963, walilazimika kuusimamisha utumishi wa lazima mwaka 1994 kwa uzito wa gharama hizo, na haukurejea mpaka 2013. Gharama hiyo hailipwi na gwaride. Hulipwa na kazi anayoifanya kijana baada ya kuvua sare.

Na kazi ipo. Sehemu kubwa ya mchele tunaoula huagizwa kutoka nje, na katika soko la Darajani nyanya na vitunguu vya Bara ndivyo vinavyojaza meza, wakati mahoteli ya pwani yanahitaji mboga kila siku ya Mungu. Kijana aliyefunzwa kilimo kambini anarudi kwao hana pa kulimia. Eka tatu alizogaiwa babu yake baada ya Mapinduzi sasa zinatazamiwa na warithi chungu nzima. Atafanya nini, ila kupanda boti kwenda Dar es Salaam?

Kwa hivyo tunaiomba Wizara ya Kilimo ikae pamoja na uongozi wa JKU, iwatengee wanaomaliza utumishi mashamba ya umwagiliaji katika mabonde ya Cheju, Kibokwa na Mlemele, kwa vikundi vya ushirika na kwa hati inayoeleweka. Seremala na fundi uashi nao wapewe zana, si cheti pekee. Na wenye mahoteli watakiwe kununua kwanza kwa vijana hawa kabla ya kuagiza ng'ambo ya bahari. Msimu wa masika haungoji vikao, na viongozi wetu wanalijua hilo.