"Hold" gani?

Leo nina lalamiko kwa waandishi wenzangu wa programu. Mtu akitaka programu yake iongee Kiswahili, hunitumia orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza, na humo, kati ya "Help" na "Home", nakuta "Hold". Basi, peke yake. Hold gani?

Kwenye simu ya ofisi, kitufe hicho ni "Subirisha". Kwenye skrini ya kugusa ni "bonyeza na ushikilie". Kwa sisi watumiaji wa Debian, amri ya apt-mark hold maana yake ni kwamba programu ibaki na toleo lililopo, isisasishwe. Na nje ya tarakilishi? Mkutano hufanywa, matatu hubeba, pumzi huzuiwa, mtoto hupakatwa akiwa mapajani. (Ile hold ya meli wala si ndugu wa hizi. Asili yake ni shimo, na mabaharia wa pwani wana neno lao, ngama.)

Wapo wanaosema tuweke "Shikilia" kila mahali, watu watazoea. Mimi nakataa, na sababu yangu ni pesa.

Ukilipia chumba cha hoteli kwa kadi, mara nyingi benki huweka hold. Pesa bado ni zako, ila kiasi fulani kimewekwa kando mpaka hoteli itoze au iachilie. Kiswahili chake ni "zimetengwa". Lakini mahakama ikiamuru akaunti isiguswe, Mwingereza anaweza kutumia neno lilelile, na hapo kwetu ni "zimezuiliwa". Sasa fikiria mama aliyelala hotelini Mombasa usiku mmoja, asubuhi anafungua simu na kusoma kwamba pesa zake zimezuiliwa. Hapa Kenya anayezuiliwa ni mshukiwa, tena na polisi! Atakimbilia benki kabla ya kunywa chai. Ukimwandikia "zimeshikiliwa" hujamsaidia, maana atauliza zimeshikiliwa na nani.

Mfasiri hawezi kukisia haya kutoka kwa herufi nne. Na zana zetu huzidisha tatizo: gettext ikikuta "Hold" mahali pane kwenye msimbo, huziunganisha ziwe mstari mmoja katika faili ya tafsiri. Nikichagua neno la simu, linaenda hadi kwenye malipo.

Dawa ipo tangu 2006, toleo 0.15 la gettext lilipoleta msgctxt. Unaandika muktadha kando ya neno, "simu" au "malipo", na kila hold inapata mstari wake. Ni kazi ya dakika chache kwa aliyeandika programu, kwa sababu yeye anajua kitufe kinafanya nini. Ukiona msgctxt ni kazi nyingi, basi andika maelezo mafupi juu ya mstari, au nitumie picha ya skrini.

Faili iliyonifikia wiki hii ina "Hold" mara moja, na programu yenyewe ina simu na malipo pia. Nimeirudisha kwa mwenyewe.